Niuze ng'ombe wa baba nikasome udaktari wa mifugo, au nifungue duka la dawa?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Meatu, mkoani Simiyu. Baada ya kidato cha nne nilikwenda chuo cha Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA Mabuki, kule Misungwi, nikasoma hadi stashahada ya afya ya wanyama na uzalishaji. Ni miaka mitatu sasa tangu nimalize, na GPA yangu ni 3.7. Kila Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi za Afisa Mifugo Msaidizi naomba. Nimeitwa kwenye usaili, nimefika Dodoma kwa nauli ya kukopa, nikakuta ukumbi umejaa watu kwa nafasi za kuhesabika. Sijapata.

Kwa sasa nauza katika duka la dawa za mifugo hapa mjini. Mwenye duka ni mfanyabiashara tu, hajasomea mifugo. Ananilipa laki mbili kwa mwezi. Siku ya mnada wafugaji hujaa dukani, na wengi huja wameshaamua: "Nipe OTC chupa mbili na sindano," yaani oksitetrasaiklini, antibiotiki. Nikiuliza ng'ombe ana nini, bosi ananikata jicho niuze upesi, foleni inasubiri.

Kuna mzee mmoja alirudi mara tatu kununua OTC ya ndama. Mara ya tatu nikamwomba anisubiri, Jumapili nikaenda kwake. Nilikuta ndama mmoja amekufa usiku. Nikampasua: tezi zimevimba, mapafu yamejaa maji, koo lina povu. Nikamwambia hii ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Wengine wawili walikuwa na homa, tukawachoma bupavakwoni, dawa ya ndigana kali, mmoja akapona. Bosi aliposikia alinigombeza kwamba najifanya daktari na nawafundisha wateja kununua dawa kidogo.

Sasa baba yangu ameniita akasema yuko tayari kuuza ng'ombe kumi na wawili ili niende Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, nikasome shahada ya udaktari wa mifugo. Kaka zangu wawili hawajaoa. Wamekuja juu, wanasema hao ndio ng'ombe wa mahari yao, na kwamba mtoto wa kike ukimsomesha unawasomeshea watu wengine. Mama amenyamaza, hasemi ndiyo wala hapana.

Na mimi mwenyewe moyo hautulii. Hivi karibuni alikuja dukani kijana mwenye shahada hiyohiyo ya SUA anatafuta kazi. Nilipomtajia mshahara wangu, akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili. Usiku ule sikulala. Nisome miaka mitano, nitoke nina miaka 32, kisha nije kuomba kazi niliyonayo leo? Rafiki yangu ananiambia nimwombe baba ng'ombe sita tu, nifungue duka langu nitulie. Wengine wananiambia hata nikisoma kazi hii si ya mwanamke, nitamwangushaje fahali?

Naomba unishauri kama ungemshauri mwanao.

Msichana wa Meatu

*

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, maana umesubiri vya kutosha: nenda ukasome. Ila ng'ombe kumi na wawili wasiuzwe, na wazo la duka usilitupe, lina wakati wake.

Sikushauri hivyo kwa ajili ya heshima ya kuitwa daktari. Ni yule ndama aliyenifanya niamue. Umeandika habari zake kwa mistari michache kama jambo la kupita, lakini mimi nimeisoma sehemu ile zaidi ya zote. Uliona zizi moja linanunua dawa ileile mara tatu ukashtuka. Ukaacha mapumziko yako, ukafungua mzoga, ukatazama tezi, mapafu na koo kabla ya kutamka jina la ugonjwa. OTC haimponyi ndama ambaye ndigana kali imeshampanda, na wewe ulilijua hilo ukasimama nalo mbele ya mzee na mbele ya bosi. Stashahada ilikufundisha kutibu. Kinachokukereketa ni kujua kwa nini wanakufa na ni yupi atakayefuata, na kazi hiyo hufundishwa kwa kina kwenye shahada: patholojia, mikrobiolojia, vimelea, epidemiolojia. Mwenye hamu hiyo akibaki dukani miaka kumi ataishia kuwa na uchungu, hata kama duka ni lake.

Sasa huyo kijana wa SUA. Hofu yako ni ya kweli. Masomo ya udaktari wa mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, wakati huo yakiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. SUA yenyewe ilizaliwa 1984. Kabla ya 1976 vijana wetu walikwenda Kabete, Nairobi. Waliohitimu enzi zile walipokelewa na Serikali moja kwa moja. Dawa zilikuwa za Serikali, chanjo za Serikali, josho la Serikali, na bwana mifugo alikuwa mtu wa Serikali. Miaka ya 1990 Serikali ikajiondoa hatua kwa hatua katika tiba na uuzaji wa dawa ili sekta binafsi ishike, na huduma za ugani zikawekwa chini ya halmashauri. Halmashauri nayo ina madarasa, zahanati na barabara za kufikiria. Ikama, yaani nafasi za watumishi, ya mifugo hukaa nyuma ya foleni hiyo.

Sekta binafsi ilishika kweli, ila ilishika mijini. Ukienda Dar es Salaam, Arusha au Mwanza mjini utakuta kliniki za mbwa na paka, madaktari wa kuku wa biashara, watu wa ng'ombe wa maziwa. Huku kwetu, kwenye makundi makubwa, aliyebaki ni muuza dawa. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, sehemu kubwa yao iko kanda hii ya Ziwa na Magharibi, na bado daktari anatembea na bahasha akitafuta kazi ya kaunta. Jambo hili linaniumiza, na limekaa hivyo muda mrefu mno.

Sababu yake uijue vizuri kwa sababu ndiyo itakayokulisha au kukulaza njaa. Mfugaji wetu hulipia chupa anayoiona, halipii kichwa kilichoichagua. Usimwite bahili. Ana ng'ombe sitini, mmoja akiugua hasara ni ya mmoja. Mtaalamu yuko mbali, akija anadai nauli na gharama ya kumwona mnyama, na mara nyingi ameitwa siku ya nne wakati mnyama ameshalala ubavu. Ng'ombe anakufa, pesa imekwenda, na kijiji kizima kinajifunza kwamba bora ujichomee mwenyewe. Daktari anayekaa kwenye kiti akingojea mgonjwa mmojammoja Meatu hatakaa mwaka. Nadhani kijana aliyekuja dukani kwako alifundishwa kutibu vizuri sana, lakini hakuna aliyekaa naye kumweleza jinsi ya kuishi kwa tiba hiyo katika nchi ya makundi.

Wanaoishi kwa kazi hii vijijini, nao wapo, wanauza kinga, na wanaiuza kwa zizi zima. Tazama ndigana kali yenyewe. Ipo chanjo yake inayotolewa mara moja katika maisha ya mnyama. Ilianzia kwenye utafiti wa Muguga, Kenya, na sasa inatengenezwa Lilongwe, Malawi. Inasafirishwa ndani ya naitrojeni ya maji, na ndama huchomwa pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa nchi, ambao watu husema hawapendi kulipa, wameilipia kwa miaka mingi bila kusukumwa. Waliona ndama wao wanabaki hai, na waliona mnadani ndama mwenye hereni ya chanjo ana bei kuliko asiye nayo. Lakini ukifungua mrija mmoja wa chanjo hiyo lazima uwe na ndama wa kutosha wamekusanyika siku hiyohiyo, la sivyo inaharibika. Kwa hiyo anayeifanya ni mtu mwenye jina kijijini, anayeweza kukusanya mazizi kadhaa kwa tarehe moja. Huyo si mgeni kutoka mjini. Huyo ni mtu kama wewe, binti wa mfugaji unayezungumza Kisukuma na unayejulikana baba yako ni nani.

Ongeza na mambo yaliyotokea mkoani kwako mwenyewe. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ya miaka mitano. Homa ya mapafu ya ng'ombe mfugaji anachangia shilingi 500 kwa kichwa, sotoka ya mbuzi na kondoo shilingi 300, kuku wanachanjwa bure, na mifugo inavishwa hereni. Kampeni za aina hii zina mwanzo wa ngoma na vumbi jingi, na sitakuahidi itaishaje. Ninachokiona ni hiki: mfugaji anazoea kuleta kundi zima kwa tarehe, anazoea kuchangia kidogo kwa kila kichwa, na anazoea mnyama kuwa na namba. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokosekana kwa daktari wa binafsi muda wote huo. Ukitoka Morogoro utakuta watu wameshayazoea.

Halafu kuna milango ambayo stashahada haifungui hata ukae nayo miaka ishirini. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka mtaalamu msaidizi afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, zina kituo Mwanza. Machinjio yanayosafirisha nyama nchi za Ghuba hayawezi kutoa mzigo bila daktari kuukagua na kuusainia. Vizimba vya samaki vinaongezeka Ziwa Victoria na magonjwa ya samaki nayo yanahitaji mtu. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na hifadhi zetu zinahitaji madaktari wanaoelewa pande zote mbili za mpaka wa hifadhi, na wewe umezaliwa jirani na Serengeti, mahali ambapo mbwa wa kijijini na kichaa chake, ng'ombe na kimeta chake, vyote ni habari za hifadhi pia. Sikutajii haya ili uyakimbilie. Nataka tu uone kwamba ukiwa na shahada, ajira ya halmashauri inakuwa njia moja kati ya nyingi. Leo kwako ndiyo njia pekee, na ndiyo maana ukumbi wa usaili umejaa watu wenye cheti kama chako.

Tuje kwenye ng'ombe.

Hesabu kwanza usichohitaji kukiuza. Bodi ya Mikopo, HESLB, hukopesha wanafunzi wa shahada hii, nao walioingia kwa stashahada wamo. Lakini mwongozo wake wa miaka ya karibuni unataka mwombaji awe amemaliza stashahada ndani ya miaka mitano na asizidi umri wa miaka 35. Wewe umeshatumia miaka mitatu. Rafiki yako anayekuambia ufungue duka kwanza halafu utasoma baadaye hajui kwamba ukingoja hivyo mlango wa mkopo unaweza kujifunga. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uombe msimu huu. Mkopo utaurudisha ukianza kupata mshahara, makato ni asilimia 15, na inauma, lakini ng'ombe watakuwa bado zizini wanazaa.

Mkopo hauzibi kila pengo, na mwaka wa kwanza fedha za kuanzia huwa ngumu. Hapo ndipo mzee auze wachache. Watatu au wanne wanatosha kuanzia, na wawe madume au maksai. Mitamba, yaani majike ambao hawajazaa, wasiguswe, maana mtamba mmoja ukimwacha miaka mitano hutamkuta mmoja. Na wauzwe mapema. Wewe unajua kuliko mimi jinsi mnada ulivyo. Vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba, wakati majani yamekwisha, mbavu zinaonekana na kila mtu anauza kwa shida. Familia nyingi za huku zimesomesha watoto kwa kuuza ng'ombe watano pale ambapo watatu wangetosha, kwa sababu tu waliuza mwezi mbaya. Mei na Juni, ng'ombe akiwa amekula masika, ndio wakati wake. Fedha iwekwe benki kwa jina lako, na baba asiiguse hata kukiwa na msiba, umwombe hilo kwa heshima na mapema.

Kuhusu kaka zako, naomba usianze kwa kubishana nao. Hoja yao ina mzizi: katika nyumba ya Kisukuma ng'ombe wa mahari ni ahadi ya baba kwa kijana, na kijana anayeona ahadi yake inaondoka lazima apaaze sauti. Hiyo ya kusomeshea watu wengine ni hasira tu, na si kweli. Nimeona mabinti wengi waliosomeshwa ndio wanaowatibu wazee wao leo. Mwombe baba aite kikao, baba mdogo au mjomba awepo, na ng'ombe wa mahari wa kila kijana watajwe kwa rangi na kwa mama zao mbele ya watu wote. Wakishajua wao wapi na wewe wapi, kelele itapungua. Kisha ombeni mhesabu pamoja ndama waliokufa kwenye zizi lenu mwaka uliopita. Hesabu hiyo ifanywe na kaka mkubwa mwenyewe, kwa kinywa chake. Halafu wewe useme utakachofanya kabla hujaondoka: ratiba ya josho, chanjo ya chambavu na kimeta, dawa ya minyoo kwa ndama, na daftari la zizi. Kijana anayetegemea ng'ombe kuoa akiona ndama wake hawafi, atakuwa wakili wako.

Mama mwendee kabla ya kikao, peke yako, jikoni. Mama akinyamaza katika jambo la ng'ombe wa mume na mahari ya wanawe, mara nyingi anaogopa kuonekana amechagua mtoto. Usimlazimishe aseme. Mchanjie kuku wake dhidi ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na umfundishe kukumbuka tarehe.

Duka sasa. Rafiki yako anadhani duka ni utulivu. Ukilifungua leo utahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, jengo linalokubalika, kodi na mtaji wa dawa ambazo zina tarehe ya kuisha. Kodi ikikaribia utajikuta unauza OTC kwa mtu usiyejua ng'ombe wake ana nini, yaani utakuwa bosi wako. Nalisema hili kwa uzito. Dawa zinazochomwa ovyo ndizo zinazozaa usugu, na maziwa yanayokamuliwa kabla ya muda wa kusubiri dawa itoke mwilini kwisha wanakunywa watoto wa kijiji hichohicho. Duka lenye daktari ndani yake ni kitu kingine: mtu anakuja na tatizo la zizi, anaondoka na ratiba, na dawa inauzwa kwa sababu ya ratiba hiyo. Lifungue hilo baada ya shahada.

Wakati unangoja majibu ya chuo usikae tu. Kama hujaandikishwa Baraza la Veterinari, fanya hivyo, kwa sababu bila hiyo hata ile Jumapili yako kwa mzee inaweza kukuletea matatizo. Mtafute yule kijana wa SUA kama bado yuko Simiyu. Yeye ana shahada, na akiwa amesajiliwa anaweza kukusimamia, ila hana wateja. Wewe unawajua wateja na sheria inakutaka uwe na daktari juu yako. Shikeni vijiji viwili vitatu, mchanje kuku na ndama kwa tarehe mlizokubaliana na wenyeviti wa vitongoji, mgawane kinachopatikana. Hutapata fedha nyingi. Utapata mafunzo ambayo hayamo kwenye mtaala wowote, na yeye atapata sababu ya kubaki. Dukani nako fungua daftari lako: tarehe, kijiji, dalili alizosimulia mfugaji, alichonunua, na akirudi, kilichotokea. Ukifika mwaka wa nne na ukatakiwa kuchagua mada ya utafiti, utakuwa nayo mkononi.

Hili la mwanamke na fahali nitalimaliza haraka. Hakuna daktari mwanamume anayemwangusha fahali kwa kifua. Ng'ombe hulazwa kwa kamba ndefu moja: kitanzi shingoni, mzunguko wa pili kifuani nyuma ya mabega, wa tatu kiunoni, kisha unavuta kuelekea nyuma polepole na mnyama anakunja miguu mwenyewe. Bila shaka umeshaionyeshwa Mabuki. Wanaokucheka, wafanyie hivyo mara moja hadharani, siku ya josho.

Kitu ninachokuonya kwa dhati ni mwaka wa kwanza. Wanaotoka stashahada wanawazidi wenzao wa kidato cha sita kwa mikono, na wenzao wanawazidi kwa kemia. Biokemia na fiziolojia ndipo wengi wanapojikwaa, wanakata tamaa, wanajiona hawakustahili. Tafuta vitabu vya kemia na baiolojia vya kidato cha tano na sita sasa hivi, usome jioni duka likifungwa. Ukifika Morogoro tafuta mwenzako wa kidato cha sita, mfundishe kushika mnyama naye akufundishe kemia. Na likizo ndefu rudi Meatu. Usibaki mjini kufanya vibarua visivyohusiana. Mfugaji anamsahau mtu upesi, na jina lako kule ndilo mtaji ambao kijana wa Dar es Salaam hawezi kuukopa popote.

Kwa sifa, umekaa vizuri. Kiwango cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa anayetoka stashahada ni GPA isiyopungua 3.0, ila kila programu inaweza kuongeza masharti yake, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka huu neno kwa neno, ukiangalia na wanachodai katika masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Madirisha ya chuo na ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka na hayasubiri mtu. Kinachowachelewesha wengi ni cheti cha kuzaliwa: Bodi ya Mikopo inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, na kwa waliozaliwa vijijini mara nyingi jina la cheti na jina la shule hutofautiana herufi moja au mbili. Kitoe chako wiki hii, ulinganishe jina lake na la cheti cha kidato cha nne. Likitofautiana, anza kurekebisha kabla hata ya kikao cha ng'ombe.